Juisi ya kharubu inanikausha mdomo: nimekosea wapi?

BintiKibokoni (#1)

Asalaam aleikum wanajukwaa. Kakangu ni baharia, na safari hii meli yao ilipotia nanga Aleksandria akaniletea kilo mbili za maganda ya kharubu. Ni maganda bapa, marefu kama kiganja na vidole vyake, rangi ya kahawia iliyokoza, na ukiyatikisa mbegu zinalia ndani. Ukiyatafuna hivi hivi ni matamu, mfano wa tende kavu iliyolala pamoja na buni. Kaka anasema Misri watu hufungua saumu kwa juisi yake, nami nikataka kuwafuturisha watu wangu kitu kingine badala ya ukwaju wa kila siku.

Nilivyofanya: niliyaosha, nikayapondaponda kinuni pamoja na mbegu zake, nikayatia kwenye sufuria na maji lita 3, nikachemsha saa nzima mpaka maji yakawa meusi tititi. Nikachuja kwa kitambaa, nikatia sukari kikombe kimoja na iliki. Harufu nzuri kabisa. Kunywa sasa! Ulimi unakuwa kama umelamba ndizi mbichi, mdomo unakauka, meno yanashika ganzi. Watoto waliacha glasi zikiwa nusu.

Nimekosea wapi? Na ni kweli kharubu ina faida mwilini kuliko kakao? Nimebakisha kilo moja na nusu na sitaki kuiharibu.

Kuna jambo jingine. Bibi yangu, ana miaka 84, aliposhika ganda moja alilinusa akasema, "Haya yalikuwa kwenye mkebe wa mamangu, yakija na majahazi." Nimeuliza majirani, hakuna anayekumbuka. Kharubu ilikuwako Mombasa zamani?

MzeeMarkiti (#2)

Waaleikum salaam. Nimeuza viungo Markiti zaidi ya miaka 30. Nimeuza ukwaju, sanamaki, habasoda, uwatu, hata vitu ambavyo wanunuzi hawakujua majina yake. Kharubu sijapata kuiona kwenye gunia. Una hakika kakako hakununua ukwaju mbovu? Hizo jamii yake ni moja, zote za maganda.

MpishiTudor (#3)

Dadangu, hukukaanga. Kosa ni hilo tu. Nilifanya kazi jikoni na Mmisri mmoja kwenye hoteli ya pwani ya kaskazini, na kila Ramadhani alitutengenezea.

Vunja kwa mkono vipande vya ukubwa wa pipi, mbegu zitoe. Vikombe viwili vya vipande, nusu kikombe ya sukari, vyote kwenye karai kavu. Moto wa wastani, na mwiko usipumzike. Sukari itayeyuka, itageuka rangi ya asali na kuvivisha vile vipande. Hapo tia maji lita moja na nusu (simama mbali, yataruka), yachemke dakika 20, zima, acha ipoe ikiwa bado na maganda, ndipo uchuje. Inywe baridi kabisa. Ukichelewa kutia maji sukari itaungua, na huo ni uchungu mwingine usio na dawa.

KijanaGarsen (#4)

Mimi naona picha ya kichwani kwangu ni mathenge, ule mti wa miiba. Kwetu Tana imejaa kila mahali, maganda matamu, mbuzi wanayapenda mno. Kama ndiyo hiyo, tuambieni tuanze kuuza Misri.

BintiKibokoni (#5)

@MzeeMarkiti babu, ukwaju naujua, nimelelewa nao. Ukwaju ukiuvunja kaka lake linapasuka kama ganda la yai na ndani kuna nyama chachu ya kunata. Haya hayana uchachu hata kidogo, ganda lenyewe ndilo linaloliwa, ni gumu kama kiatu.

MkulimaKilifi (#6)

Jamani tutenganishe miti. Zote ni jamii ya mikunde, kwa hiyo MzeeMarkiti ana haki kwa upande huo, lakini hata njegere ni mikunde. Kharubu ni mti wa nchi zinazoizunguka Bahari ya Kati: Hispania, Moroko, Italia, Kupro, Uturuki, Lebanoni. Hauangushi majani, maua yake hutokea kwenye matawi makongwe na hata kwenye shina lenyewe, na kutoka ua mpaka ganda kuiva ni karibu mwaka. Waturuki wanaiita pembe ya mbuzi kwa sababu ya umbo la ganda.

@KijanaGarsen hukukosea sana kama unavyodhani. Mathenge ilitoka Amerika, na Wahispania walipofika kule na kuuona mti wa jamii yake wenye maganda matamu, waliupa jina la kharubu ya kwao, *algarrobo*. Mpaka leo Peru wanapika asali nyeusi ya maganda hayo na kuiita *algarrobina*. Kwa hiyo jina limefanana, mti ni mwingine. Na mathenge ilipoanza kupandwa Kenya ilikuwa hapa hapa mlangoni kwetu, machimbo ya Bamburi, mwaka 1973, kufunika ardhi iliyochimbwa. Baringo na Tana ilifuata miaka ya 1980.

KijanaGarsen (#7)

Na kule Baringo mathenge ilifika mpaka mahakamani, mbuzi akapelekwa kama ushahidi, meno yameng'oka kwa sababu ya sukari ya maganda. Basi kharubu nayo ina sukari, BintiKibokoni chunga meno ya watoto.

DadaBeirut (#8)

Nimesoma uzi huu nikasikia harufu ya jikoni nililoliacha. Nilifanya kazi za nyumbani Lebanoni miaka 4. Mama mkubwa wa ile nyumba kwao ni Iqlim al-Kharrub, kusini ya Beirut, eneo zima limeitwa kwa mti huu. Mengine ya nyumba ile si ya uzi huu, ila yule mama alinifundisha kupika kama mwanawe.

@MpishiTudor samahani, kwao hakuna kukaanga wala kuchemsha maganda. Maganda huvunjwa, mbegu hutolewa, yanarowekwa kwenye maji baridi usiku kucha. Asubuhi maji yamekuwa matamu na rangi ya chai. Yanachujwa, na maji peke yake ndiyo yanayokwenda motoni, yakipungua polepole mpaka yawe mazito kama asali. Haitiwi hata chembe ya sukari. Hiyo wanaiita *dibs*. Ukitaka juisi, chota kijiko cha dibs koroga na maji na barafu. Maganda yakichemka yanatoa ule ukali uliokushika ulimi. Alikuwa akiniambia kwa Kiarabu, "Utamu hutoka kwa subira, ukali hutoka kwa moto."

Asubuhi tulikula hivi: dibs kwenye kisahani, rojo la ufuta likamiminwa juu, ukachora duara kwa kipande cha mkate na kula. Kwa mtu aliyezoea mkate wa kumimina na chai ya maziwa, siku ya kwanza sikuelewa. Siku ya tatu nilikuwa naamka mapema kwa ajili yake.

MpishiTudor (#9)

Sibishani na mama wa watu. Lakini dibs na juisi ya Kimisri ni vitu viwili. Kinywaji bila kukaanga hakina ule moshi mtamu.

FundiBomba (#10)

Hakuna aliyeuliza swali la maana. Maji ni ya wapi? Kibokoni mifereji ikikatika mnanunua mkokoteni, na mengi ni ya kisima, yana chumvi na chokaa. Pika chai kwa maji hayo uone, inakuwa nyeusi, haina ladha, juu imefanya utando. Kharubu si tofauti. Mimi nafunga matangi mji huu mzima, najua mtaa gani maji yake yakoje.

MuuguziLikoni (#11)

Kinachokausha mdomo ni tanini, ile ile ya chai iliyokolea sana na ya bibo lisiloiva. Tanini hushikana na protini za mate, mate yanapoteza ule utelezi, ndiyo maana ulimi unahisi kama kitambaa. Kharubu inayo nyingi, na mbichi inayo zaidi. Saa nzima ya moto, tena imepondwa kinuni, ni wazi umeikamua yote. Kwa hiyo namuunga mkono DadaBeirut kwa sababu tofauti na yake: si moto peke yake, ni muda na ukubwa wa vipande.

Swali moja: sufuria ilikuwa ya nini? Ulisema maji yakawa meusi tititi. Kharubu haitoi weusi wa hivyo, hutoa wekundu wa chai.

BintiKibokoni (#12)

Sufuria ya chuma, nzito, ya bibi. Na maji ndiyo, yalikuwa ya mkokoteni siku ile.

MuuguziLikoni (#13)

Basi umepika wino. Chuma kikikutana na tanini hutoa rangi nyeusi, ndivyo watu wa kale walivyotengeneza wino wa kuandikia vitabu. Haina sumu kwa kiasi hicho ila ladha ya chuma inabaki mdomoni. Tumia sufuria ya kawaida.

FundiBomba (#14)

Na maji ya kisima yana chuma pia. Nilisema.

MamaKaimati (#15)

Tuacheni wino, tujibiwe la kakao. Mwanangu wa pili akinywa kakao usiku halali, nami sukari yangu ilipanda mwaka jana. Shoga yangu mmoja Nyali ananiambia kharubu haina sukari kabisa, na kopo moja dogo analinunua kwa pesa za samli kilo nzima. Nifuate?

MuuguziLikoni (#16)

Dada, shoga yako amekosea, na hilo ni kosa la hatari kwako. Karibu nusu ya uzito wa unga wa kharubu ni sukari, na hapo hujaongeza kitu. Kilicho kweli ni kwamba ina nyuzinyuzi nyingi, kama gramu 40 katika gramu 100, na nyuzinyuzi hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Ina pia kitu kinachoitwa pinitoli ambacho kinachunguzwa kwa habari ya insulini. Lakini kuchunguzwa si kuthibitishwa, na nyuzinyuzi ziko kwenye unga, si kwenye juisi iliyochujwa wala dibs. Ukinywa juisi ya BintiKibokoni na kikombe chake cha sukari umekunywa sukari.

Kuhusu usingizi wa mtoto, hapo kharubu inashinda waziwazi. Haina kafeini, na theobromini, ile inayochangamsha kwenye kakao, hakuna ya kuhesabu. Kakao kavu ina theobromini karibu gramu 2 kwa kila gramu 100. Ndiyo hiyo inayoua mbwa wakila chokoleti, na ndiyo sababu vitafunio vya mbwa Ulaya huwekwa kharubu.

Mafuta: kharubu haifiki gramu 1 kwa 100, kakao ni 10 kwenda juu. Kalsiamu: kharubu kama miligramu 350, kakao kama 130.

Sasa sikilizeni upande wa pili, maana matangazo hayausemi. Kakao ina madini ya chuma mara nne au tano ya kharubu, magnesiamu inaipita mbali sana, na protini pia. Na ile kalsiamu inayosifiwa, kijiko kikubwa cha unga kina gramu 6, yaani miligramu 21 hivi. Glasi ya maziwa ina karibu 300. Anayekunywa kharubu kwa ajili ya mifupa ampe ng'ombe heshima yake.

Vile vipande vya kharubu vinavyouzwa mfano wa chokoleti, soma nyuma ya pakiti. Mara nyingi vimetiwa mafuta ya mbegu za mchikichi ili vigande, na ule usifu wa "haina mafuta" umekwisha hapo.

Wajawazito mnaomeza vidonge vya damu: msinywe kharubu wala chai kwa pamoja navyo. Tanini huzuia chuma kuingia mwilini. Acheni saa mbili.

MamaKaimati (#17)

Shukran sana. Nimemtumia shoga yangu mchango wako mzima.

SonaraMjiWaKale (#18)

Nashangaa hakuna aliyetaja dhahabu. Neno karati tunalotumia sisi masonara limetoka kwenye mbegu hizo hizo mlizozitupa. Kwa Kigiriki mbegu ya kharubu ni *keration*, Waarabu wakasema *qirat*. Wafanyabiashara wa vito walizitumia kama mawe ya mizani kwa sababu kila mbegu ina uzito sawa na mwenzake, nchi yoyote, mti wowote. Ndiyo karati ya almasi ikawa gramu 0.2. BintiKibokoni, nitumie mbegu chache nizipime.

MkulimaKilifi (#19)

Jina ni kweli, na gramu 0.2 ni kweli, kipimo hicho kilikubaliwa kimataifa mwaka 1907. Hilo la uzito sawa si kweli. Mwaka 2006 watafiti walizipima wakakuta zinatofautiana kama mbegu za miti mingine tu. Waliotangulia walikuwa wakizichagua kwa jicho, zilizolingana wakazibakisha.

SonaraMjiWaKale (#20)

Jicho la sonara si kitu kidogo. Nazitaka hizo mbegu hata hivyo.

BintiKibokoni (#21)

Nimepima mwenyewe kwa ile mizani ndogo ya duka la jirani, 10 kwa pamoja, mara tatu. Nimepata 1.9, kisha 2.1, kisha 1.8. Njoo uzichukue, ziko kwenye kikombe.

UstadhBondeni (#22)

Assalaam aleikum. Mti huu umetajwa katika tafsiri za Surat Saba, aya ya 14, habari ya kufa kwa Nabii Suleiman (A.S.) akiwa ameegemea fimbo yake. Imesimuliwa kwamba kila mti uliochipua mahali pake pa ibada aliuuliza jina na kazi yake, mpaka ulipochipua mti uliojiita *kharruba*, ukasema umeota kwa kuharibika kwa nyumba hii. Akajua ajali yake imekaribia. Ibn Kathir ameitaja na mwenyewe akabainisha kwamba haifai kunasibishwa na Mtume (S.A.W.), ni katika habari za Ahlul Kitab, yaani Mayahudi na Manasara. Naieleza kwa mpaka huo.

Lakini tazameni lugha. *Kharaba* ni kubomoka, na ndilo shina la neno letu kuharibu. BintiKibokoni ameandika kule juu "sitaki kuiharibu", na hakujua kwamba amelitaja jina la mti mara mbili.

MwalimuChangamwe (#23)

Uzuri ulioje, Ustadh. Naongeza la upande wetu. Mwana mpotevu katika Luka 15 alitamani kujishibisha kwa "maganda waliyokula nguruwe". Neno la Kigiriki pale ni *keratia*, yaani maganda haya haya. Na Wazungu wengi huiita mkate wa Yohana, kwa kudhani "nzige" aliokula Yohana Mbatizaji jangwani walikuwa maganda ya kharubu. Mimi sikubali. Nzige wanaliwa, tena ni watamu, waulizeni watu wa bara.

Kuhusu shina la neno nina shaka kidogo. Jina la mti huu liko katika lugha za kale za Iraki kabla ya Kiarabu tunachokijua. Huenda mti ulikuwa na jina lake, na watu wakaliona linafanana na kubomoka, kisa kikajengwa juu yake.

UstadhBondeni (#24)

Huenda. Wallahu aalam. Lugha zile na Kiarabu ni ndugu, kwa hiyo shina linaweza kuwa la wote.

NahodhaMstaafu (#25)

Nimewaacha mseme, sasa nijibu la mkebe wa bibi, maana ndilo lililonileta.

Majahazi ya Arabuni na Ghuba yaliingia Bandari ya Kale kwa kaskazi, kuanzia Disemba. Nikiwa mtoto nilikuwa nikipanda juu yake. Yalileta tende, papa, ng'onda, chumvi, mazulia, makasha. Yaliondoka kwa kusi na boriti za mikoko. Katika vikorokoro vya mabaharia kulikuwa na dawa za tumbo. Nililoliona mimi kwa macho yangu lilikuwa ganda jeusi la mviringo kama kijiti cha ngoma, refu kupita futi moja, na ndani vyumba vyumba vyenye utomvu mweusi. Hilo Waarabu wanaliita *khiyar shambar*. Ule mti wa maua ya manjano yanayoning'inia ambao umepandwa kando ya barabara hapa mjini ndio huo. Lile ni dawa ya kuharisha. Mamangu akitupa Ijumaa asubuhi, kufika adhuhuri tumbo jeupe.

Naona bibi yako ananusa kitu cheusi cha ganda, na umri umemchanganyia.

MuuguziLikoni (#26)

Mkebe huo ni muhimu kuujua, kwa sababu kazi zake ni kinyume. Khiyar shambar inaharisha, kharubu inafunga. Unga wa kharubu umewahi kujaribiwa kwa watoto wachanga wanaohara, pamoja na ORS, yale maji ya chumvi na sukari ya mtu anayehara, na kinyesi kikawahi kuwa kizito. Wazazi, tafadhali: mtoto akihara kinachookoa maisha ni ORS na zinki, na kituo cha afya. Asije mtu akavunja ganda kinuni akaacha ORS.

BintiKibokoni (#27)

Nimeenda kwa bibi na simu mkononi nikamsomea yote. Nahodha, amekuamkia. Amesema khiyar shambar anaijua, "ilikuwa chungu na ikinuka", na ya mkebe ilikuwa tamu, walikuwa wakiiba. Nikamuuliza ilikuwa ya kufunga tumbo au kulifungua. Akasema ya kufungua. Dada yake, ambaye ni mdogo kwake kwa miaka miwili, yuko pale pale kitandani akasema hapana, ya kufunga, tena mama alikuwa akiisaga na kutia kwenye uji wa mchele. Wakabishana mpaka magharibi.

NahodhaMstaafu (#28)

Tamu? Basi pengine ni makoma. Ile mikoma ya Lamu na Malindi, tunda lake gumu la kahawia, ukilitafuna lina utamu wa mkate wa tangawizi. Misri wanalo pia, wanaliita *doum*, na wanalitengenezea kinywaji pale pale wanapouza kharubu.

MkulimaKilifi (#29)

Au kulikuwa na kharubu kweli. Kuna jamii ya pili ya mti huu, ambayo wataalamu waliipa jina mwaka 1980 tu, nayo haipo Ulaya kabisa. Iko katika milima ya Omani na kaskazini ya Somalia. Majahazi yalitoka huko huko. Sisemi ndiyo ya mkebe, maana ile ni ya porini, lakini mlango haujafungwa.

MzeeMarkiti (#30)

Nimeanza kukubali. Baba yangu alikuwa na droo moja ya vitu "vya Waarabu" ambavyo hakutuuzia. Nimeuliza ndugu zangu. Droo ilitupwa.

MamaKaimati (#31)

Mimi nimepata unga wa kharubu gramu 200 kwa mwanamke mmoja wa Majengo aliyerudi kutoka Uturuki, na nimefanya kazi. Nawapa matokeo.

Mahamri: nilitia vijiko vitatu kwenye unga wa nusu kilo, nikapunguza sukari. Yamefura vizuri na harufu ya iliki haikupotea, lakini kwenye mafuta yanaiva rangi haraka kuliko ndani. Sukari yake inaungua mapema, kwa hiyo moto wa chini.

Kashata: nzuri kuliko yote. Ufuta na unga wa kharubu na shira nzito. Mume wangu alidhani nimetia kahawa.

Keki ya mtoto mahali pa kakao, kipimo kwa kipimo: imetoka tamu, nzito kidogo, kwa kuwa kharubu haina mafuta. Mara ya pili niliongeza kijiko cha samli ikakaa sawa. Mtoto amelala saa tatu usiku, alhamdulillah. Wala msimwambie mtu ni chokoleti. Nilipomwambia mwanangu "hii ni chokoleti" alikunja uso, nilipomwambia "hii ni kharubu" akala vipande vitatu.

Haluwa sijathubutu.

MpishiTudor (#32)

Haluwa usitie unga, utaivunja. Lakini jueni kwamba mbegu zina gamu ambayo viwanda huitia kwenye aiskrimu na jibini laini ili vishikane. Kwenye pakiti huandikwa E410. Mmekula kharubu miaka yote pale kwenye koni mkitembea Mama Ngina.

MwalimuChangamwe (#33)

Kwa bei ya kakao ilivyopanda 2024, kupita dola 10,000 kwa tani, si ajabu watu wanautazama mti huu upya. MkulimaKilifi, unaota kwetu?

MkulimaKilifi (#34)

Mbegu zinaota, ganda lake gumu tu. Mwagia maji ya moto, acha usiku, zilizovimba panda. Lakini kuna dume na jike, ukipanda miwili ukapata madume hutavuna kitu, na maua ya dume yana harufu ambayo sitaieleza hapa. Miaka 6 mpaka 8 kabla ya kuzaa. Kubwa zaidi ni hewa yetu. Mti huu unataka kiangazi kikavu wakati maganda yanaiva, na sisi unyevu ni mwaka mzima. Naogopa maganda yatachachia mtini. Taita au Voi ningejaribu. Hapa kwetu tunao mbuyu, unga wake una kalsiamu ya kulingana na kharubu na vitamini C juu yake, na tunautupia rangi nyekundu na pilipili tukawauzia watoto. Sina ugomvi na mabuyu, naumia tu kwamba unga wenyewe mweupe hatuuheshimu.

BintiKibokoni (#35)

Nimepika tena. Nimekaanga na sukari kama alivyosema MpishiTudor, mbegu nimetoa, sufuria ya kawaida, maji ya chupa, dakika 20. Imetoka nyekundu kama chai, tamu, ukavu umebaki kidogo sana mwishoni, wa kupendeza. Watoto wamemaliza jagi.

MpishiTudor (#36)

Karai! Nilisema.

FundiBomba (#37)

Maji ya chupa. Someni tena.

MuuguziLikoni (#38)

Dakika 20 badala ya saa nzima, na sufuria nyingine, na hazikupondwa. Dadangu, umebadilisha vitu vitano kwa mpigo mmoja, hatutajua kamwe. Pika moja kwa maji ya mkokoteni, mengine yote yaache vile vile.

BintiKibokoni (#39)

Nimebakisha gramu 400 hivi. Bibi amechukua maganda manne, ameyaweka kwenye mkebe wa zamani wa biskuti chini ya mto wake, na dada yake amepewa mawili. Wote wawili bado wanabishana.

DadaBeirut (#40)

Usitie yote motoni tafadhali. Niroweshee bakuli moja kwa maji baridi Ijumaa usiku. Jumamosi nina shughuli Kibokoni, nitakuja na ufuta.

BintiKibokoni (#41)

Karibu sana, baada ya alasiri. Mkate nitapika mimi.